Mlango Walioufunga Polepole

Mama mdogo alinipigia simu kutoka kwetu Kasenga Jumamosi mchana, nikiwa namenya viazi vya supu katika jiko lisilo letu. Nilikuwa Coimbra. Nilikuwa nimekwenda Ureno kujifunza Kireno, ili nisome riwaya za jirani zetu wa Angola bila kupitia Kifaransa, na shule ilinipeleka kuishi kwa mke na mume ambao watoto wao walikwisha kuhama. Mbele ya wageni waliniita binti yetu.

"Bibi ameenda," mama mdogo alisema.

Bibi mzaa mama, aliyenilea. Mikono yake ilinuka ndagala, dagaa wa kwetu, hata siku ya misa, kwa sababu aliwaanika ufukweni maisha yake yote.

Mama mdogo akauliza, "Weye uko na nani apo?"

Nilisema niko na watu.

"Basi usikae peke yako. Unasikia? Waambie wakae na weye."

Nilimweleza mama mwenye nyumba kwa Kireno changu cha kujikwaa. Alinikumbatia, akanipeleka chumbani, akavuta pazia, akatoka. Mlango aliufunga polepole sana, kama vile ndani kuna mtoto aliyelala.

Nikangoja.

Kwetu mtu akifa, mlango ndio kitu cha kwanza kufunguliwa. Yule jirani mliyegombana naye juu ya maji ndiye anayetangulia kuingia, na mkeka wake kwapani. Wanaume wanatandaza bashi, lile turubai la kivuli, uani na kupanga viti vya plastiki. Mwanamke mmoja anashika jiko bila kuombwa. Mwingine anasimulia jinsi marehemu alivyokuwa mchoyo wa sukari, mnacheka, kisha kicheko kinakatika na mnalia tena. Huachwi. Hata ukitaka kuachwa, huachwi.

Mimi nilisikia televisheni. Mpira. Nilimsikia mke akimwambia mume apunguze sauti, na sauti ikapunguzwa. Baadaye kidole kimoja kiligonga mlango, na nyayo zikaondoka haraka. Nilipofungua nilikuta bakuli la supu sakafuni. Viazi vyangu mwenyewe.

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Hawa walikuwa wakinisahihisha vitenzi kati ya supu na samaki. Wiki ya kwanza waliniuliza juu ya vita vya kwetu mpaka chakula kikapoa: risasi zinasikika vipi, tulikimbilia wapi, nimeona maiti? Walisogeza viti ili wasikie vizuri. Sasa nilikuwa nimewaletea kifo cha kawaida, cha mwanamke mzee aliyekufa kitandani kwake, na hakuna aliyesogeza kiti.

Ndiyo, najua. Ni heshima yao. Wanamwachia aliyefiwa nafasi yake. Nilielezwa hivyo shuleni, kwa upole mwingi. Nimekwisha kuelewa, na bado nina hasira.

Jua lilikuwa bado dirishani mama mdogo alipopiga tena, safari hii kwa video. Nyuma yake niliona sebule yetu imejaa wanawake hadi kizingitini, vitenge vimefungwa viunoni, mtoto wa mtu fulani analia.

"Tuonyeshe hao watu wako," alisema. "Tuwasalimie."

Ningeweza kusema mtandao ni mbaya. Nilitoka na simu mkononi mpaka sebuleni, nikasimama kati yao na televisheni, nikawageuzia kioo cha simu. Wanawake wa Kasenga waliwaona wazungu wawili kwenye kochi, blanketi magotini, bakuli la karanga kwenye meza ndogo mbele yao. Kelele zikatulia. Mama mdogo akaketi sawasawa, kama anavyoketi mbele ya padri.

"Aksanti sana, baba na mama," alisema. "Muko mbali, lakini mumekaa na mutoto wetu. Mungu awabariki."

Wanawake wote wakaitikia. Mke alitabasamu, akapunga mkono, akaniuliza wanasema nini.

Nilitafsiri. Sijawahi kusema Kireno safi kama siku ile. Kila neno lilikaa mahali pake. Nilisema, "Wanawashukuru kwa sababu mmekaa na mimi."

Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda, halina kazi. Mume alitafuta rimoti na kuzima. Mke akasogea pembeni, akapapasa nafasi kwenye kochi, akaniambia njoo, keti hapa.

Sikuketi pale. Niliketi chini, kwenye zulia, miguu nimeinyosha, kama mfiwa anavyoketi, nikaegemeza simu kwenye bakuli la karanga ili Kasenga watuone. Mwanamke mmoja akaanzisha rozari. Hawa wawili ni Wakatoliki. Picha ya Bikira ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao. Waliijua sala hiyo hata katika lugha wasiyoielewa, kwa mwendo wake tu.

Mume aliangalia saa yake mara moja, kisha akaificha chini ya blanketi. Nilimwona. Kwa macho yangu sikumruhusu ainuke, na hakuinuka.