Docta wa Kazi wa Kasongo

Pélagie aliporudi Kasongo na diploma yake ya chuo kikuu, mama yake, Emilienne, alitaka kujua amesomea nini hasa. Pélagie akasema ergoterapi. Mama akamwomba aseme kwa Kiswahili. Akafikiri, akasema: tiba kwa njia ya kazi. Jibu hilo lilifika sokoni kabla ya adhuhuri, nalo lilikuwa limepoteza tiba njiani. Kesho yake vijana wenye mashati ya pasi walijipanga mbele ya nyumba wakimtafuta docta anayegawa kazi.

Pélagie hutoka jasho hata akinunua chumvi huku watu wanamtazama. Siku hiyo ilibidi amweleze kila mmoja kwamba amesomea kumsaidia mtu aliyeumia au kupooza, ili aweze tena kujivika, kupika, kulima. Wenzake wa darasani wengine wako hospitalini, na mmoja yuko shuleni na watoto wasioweza kushika kalamu. Vijana walisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza kama hospitali hizo zinahitaji dereva.

Wa mwisho hakuwa kijana. Papa Iliasi alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila mpaka jiwe lilipomponda mkono wa kuume. Mifupa iliunga, ila vidole vilibaki vigumu, vimejikunja nusu.

"Weye njo docta wa kazi?" akauliza.

"Njo miye, papa. Kazi gani ilikukimbia?"

"Kukula."

Mkono wa kushoto haugusi sinia ya watu, akaeleza. Tangu ajali alikuwa anakula peke yake nyuma ya nyumba, kwa kijiko. Binti yake Zuena alikuwa anaolewa baada ya mfungo wa Ramadhani, na baba wa bibi arusi hawezi kwenda kujificha na kijiko chake.

Aibu yote ikamtoka Pélagie. Alilainisha kipande cha bomba la plastiki kwa moto, akakikunja kiwe cha kunyoosha vidole wakati wa kulala. Mchana Iliasi aliloweka mkono katika maji ya uvuguvugu, akafinyanga udongo, akaokota maharagwe ya Emilienne moja moja kwa ncha za vidole. Udongo ulipomtii, mfungo ulikuwa umekwisha, wakahamia kwenye bugali yenyewe. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kila tonge lililofaulu aliliona ni haki yake kulila.

"Hii masomo inamaliza unga kuliko wageni," Emilienne akanung'unika, akisonga sufuria nyingine.

Siku ya arusi Pélagie alikaa na akina mama, macho kwenye mkeka wa wanaume. Sinia ikaja. Ndani yake hamkuwa na bugali hata kidogo. Ulikuwa wali, mweupe, punje zimeachana vizuri. Pélagie amezaliwa Kasongo, amekula wali katika arusi zote za maisha yake, na hakuwahi kumfundisha mtu huyu kitu kingine isipokuwa bugali.

Iliasi naye aliuona wali. Kisha akapeleka mkono. Tonge la kwanza lilimwagika lote kwenye kanzu. Wanaume wakageukia mazungumzo ya bei ya pikipiki, kwa sauti kubwa mno. Iliasi akakusanya punje kwa ncha za vidole, kama maharagwe ya Emilienne, akazibana kwa kidole gumba, akachovya katika mchuzi, na mkono ukapanda polepole mpaka kinywani.

Akatafuna. Akarudi kwenye sinia, na hakusimama tena.

"Papa Iliasi," jirani yake wa kulia akasema mwishowe, "utuachie hata mufupa."

Iliasi aliinua mkono wake, umejaa mafuta mpaka kiwiko, akaufumba na kuufumbua kuelekea upande wa akina mama. Pélagie alicheka mpaka wali wake mwenyewe ukamwagika, naye vidole vyake ni vizima.