Kombania Yetu ya Irving

Wanawake wenzangu wa Tanga wakisikia kwamba kwa miaka saba nilikuwa sajenti mjini Irving, Texas, hucheka kwanza, halafu huniuliza mume wangu alikuwa wapi. Mume wangu alikuwa mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, na alikuwa hajui kutembea.

Mambo yalianzia kazini. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi karibu na uwanja wa ndege, kwenye jiko kubwa linaloandaa trei za chakula cha abiria. Pale alikuwapo fundi wa malori, Mmarekani mweupe wa makamo, mpole sana, ambaye kila Jumatatu alifika kazini amebabuka kwa jua na ana furaha kama mtu aliyetoka harusini. Siku moja nikamwuliza wikiendi huwa anakwenda wapi. Akanieleza kwamba yeye na wenzake hukutana shambani nje ya Fort Worth, huvaa sare za zamani, hupiga mahema na kuigiza vita vya pili vya dunia, watu waje watazame na wajifunze.

"Na kwenu je?" akaniuliza. "Vita vile viliwafikia?"

"Baba yangu alipigana na Mjapani huko Burma, katika jeshi la Mwingereza," nikamjibu, huku napanga vijiko kwenye trei.

Fundi akaweka kikombe chake chini. Aliniuliza maswali mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia, na karibu yote sikuwa na jibu lake. Baba hakupenda kuongea habari za vita. Alichotuachia ni kwata. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alitupanga uani sisi watoto sita, akatutembeza kwa amri za jeshini, na aliyekosea alianza upya peke yake huku wengine wakimtazama. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa umri na wa kwanza kwa sauti, kwa hiyo baba alipochoka aliniachia mimi nitoe amri. Alifariki kabla sijapata akili ya kumwuliza mengine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kutazama. Kulikuwa na Wamarekani, Waingereza wa kuigiza, Wajerumani wa kuigiza, hata mtu mmoja aliyejifanya daktari wa farasi. Kila kitu chao kilikuwa sahihi, hadi vifungo vya mashati. Nikazunguka uwanja mzima. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kufanana na baba.

"Wa kwetu wako wapi?" nikamwuliza fundi.

Akakuna kichwa. "Hakuna aliyewahi kuwaleta," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kuwaleta mwenyewe. Mume wangu, nesi katika hospitali moja kule DeSoto, alidhani nimepigwa na jua.

Wa kwanza niliyemfuata alikuwa dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, kijana wa Mombasa niliyekuwa nikimkuta kwenye duka la nyama ya halali. Nilimweleza. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akasema:

"Dada, samahani. Mimi nivae nguo za mkoloni? Babu yangu alijificha msituni miezi minne wasimkamate kumpeleka vitani."

"Baba yangu hakujificha," nikamwambia. "Sijui nani kati yao alifanya vizuri. Lakini ukiwauliza watu huku vita vile vilipiganwa na nani, babu yako hayumo na baba yangu hayumo."

Akapima nyama kwa macho. "Mazoezi ni lini?" akauliza. "Nakuja kuangalia tu."

Alikuja kuangalia kwa miaka saba.

Wa pili alikuwa mhasibu mmoja Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa suti na miwani, ambaye babu yake naye alikuwa askari, ila kwa Wabelgiji. Akaniambia, "Mama, historia si yetu kabisa, lakini kutembea naweza." Baada yake wakaja wengine, Watanzania na Wakenya, mpaka tukafika tisa pamoja na mume wangu, aliyejiunga kwa sababu alichoka kukaa nyumbani peke yake Jumamosi.

Kazi ikaanza. Fundi alitutafutia picha za zamani, nikashona sare kwa kufuatisha picha hizo. Kofia zilikuwa pana, zimekunjwa upande mmoja. Begani palikuwa na alama ya kichwa cha faru, na faru wangu wa kwanza alionekana kama nguruwe mwenye hasira. Kitambaa cha rangi ya kijani cha askari wa msituni hakikupatikana, kwa hiyo nilinunua cha rangi ya mchanga, nikakichovya kwenye rangi ya unga ndani ya bafu la nyumbani. Sare zilitoka vizuri. Bafu likabaki la kijani. Mume wangu alioga humo asubuhi yake bila kutazama, akaenda kazini na nyayo za kijani, na wagonjwa wake wakamwuliza kama kuna dawa.

Bunduki fundi alituchongea za mbao, lakini mwanzoni zilikuwa hazijawa tayari, tukafanyia mazoezi vipini vya mifagio kwenye maegesho ya magari ya nyumba zetu za kupanga. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kati ya wanaume wale tisa, hakuna aliyekuwa akijua kwata. Dereva alitembea kama anayewahi abiria. Mhasibu alisema anahesabu kimoyomoyo kwa Kifaransa, na Kifaransa kilikuwa kikimchelewesha. Mume wangu alirusha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia, na ukimrekebisha anasimama kabisa, anafikiri.

"Mguu sawa!" nikaamuru. Sauti iliyonitoka sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Madirisha mawili yakafunguliwa ghorofani. "Mbele, tembea! Kushoto, kulia! Kushoto!"

Wiki ya tatu gari la polisi likaingia. Jirani alikuwa amepiga simu kwamba kuna wanaume wenye fimbo wanafokewa na mwanamke. Askari polisi, mtu mkubwa mweusi, akashuka taratibu. Wale tisa wakaganda. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote: baba, Burma, maonyesho.

Akatutazama. Akatazama mifagio. "Endeleeni," akasema, akaegemea gari lake na kufunga mikono kifuani.

Nikawatembeza kwenda na kurudi. Tulipomaliza akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya familia:

"Mimi nilikuwa jeshini miaka sita. Yule wa tatu nyuma, mama, yule utapata naye tabu."

Tulicheka wote, na mume wangu akacheka kuliko sisi. Tangu siku ile jirani aliyepiga simu alikuwa akitoa kiti nje na kutazama.

Maonyesho yetu ya kwanza makubwa yalikuwa Houston, kwenye uwanja wa wazi kusini-magharibi mwa mji, si mbali na Sugar Land. Tuliondoka Irving Ijumaa asubuhi kwa magari matatu, fundi akiwemo, sare zimening'inizwa madirishani. Jumamosi tulipiga hema letu pembeni ya Waingereza wa kuigiza, nikaweka meza yenye picha na ramani. Saa nne tukaingia uwanjani. Sijui walipatwa na nini siku ile, lakini walitembea! Mstari ulinyooka, mbao zikapanda mabegani kwa mlio mmoja, na hata mume wangu alipatia mikono yote miwili. Watu walipiga makofi. Dereva wa Mombasa, aliyeapa kwamba hatatabasamu akiwa na nguo za mkoloni, alitabasamu mpaka kofia ikasogea.

Nilipowaamuru watawanyike, nikamwona mzee mmoja wa Kiafrika mbele kabisa ya watazamaji. Alikuwa na koti zito na kofia ya sufu katika joto lile la Houston, fimbo mkononi. Pembeni yake alisimama mwanamke wa umri wangu. Mzee hakupiga makofi. Alinyoosha fimbo.

"Nani mkubwa wa hawa?" akauliza kwa Kiswahili cha bara cha Kenya.

Wote tisa wakanionyesha mimi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye sajenti?" Akanipima kuanzia kofia hadi viatu. "Vizuri. Sauti unayo. Lakini hawa watu hawajakula."

"Wamekula, mzee. Tuna mikate na soda kwenye gari."

"Jiko liko wapi?"

Nikamwambia hatuna jiko. Akamgeukia binti yake kana kwamba amesikia habari ya msiba. "Wamekuja vitani bila jiko," akamwambia.

Binti yake alinieleza haraka haraka, ameona aibu. Baba yake alikuwa amemtembelea kutoka Machakos, alikuwa amechoka kukaa ndani Sugar Land, na yeye aliona tangazo letu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika kule Alief. Alijua tu kwamba baba yake alikwenda vitani. Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa kitu.

Mzee alikuwa ameshaingia hemani kwetu na kukaa. "Mimi nilikuwa mpishi wa kombania," akasema. "Burma. Sufuria nilibeba mgongoni, kubwa kama meza hii. Mvua haikatiki, matope mpaka hapa, kuni zote ni maji. Na moto ukitoa moshi mwingi, Mjapani anaona, anatupa mizinga. Ukipika ovyo unaua watu. Mmeelewa? Sikuwa na bunduki nzuri. Nilikuwa na sufuria, na hakuna mtu wangu aliyelala njaa."

Mhasibu alikuwa amevua miwani.

"Sasa," akasema mzee, "mnakaa tu?"

Dereva alikwenda Alief, akarudi na unga wa ugali magunia mawili madogo, maharage ya kopo, vitunguu, nyanya na sufuria aliyoazima kwa mwenye duka. Mzee alitaka maharage makavu, akayatazama yale makopo kwa huzuni, akayasamehe. Halafu akavua koti. Alimweka mhasibu kwenye moto, akamfundisha kupanga kuni ndogo ndogo zisitoe moshi, na kila moshi ulipopanda alimgonga kidogo begani kwa fimbo: "Umetuua! Umetuua tena!" Mume wangu alipewa vitunguu. Mimi sajenti nilipewa mwiko, nikanyang'anywa baada ya dakika mbili kwa sababu nilikuwa nasonga kama ninayembembeleza mtoto.

Binti yake alisimama kando, mikono mdomoni. "Baba anapika?" akaniambia. "Nyumbani hajawahi kuchemsha hata maji! Mama yangu amempikia miaka hamsini!"

Mzee akamsikia. "Nyumbani sikuamriwa," akasema, bila kugeuka.

Yule binti alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, na nilipomtazama vizuri nikaona analia pia. Akamsogelea baba yake, akaanza kumwuliza, na mzee akamjibu huku anasonga ugali: jina la mto waliovuka, namna walivyolala wamekaa, rafiki yake wa Nyasa aliyekuwa akiimba. Na mimi nikapata ujasiri wa kumwuliza langu. Nikamtajia jina la baba.

Alilirudia jina lile mara mbili. "Hapana, mama," akasema. "Tulikuwa wengi mno." Kisha akachota maharage, akaweka na bonge la ugali kwenye sahani, akanipa. "Lakini hiki ndicho alichokula. Hiki hiki. Kula."

Nikala nimesimama. Nimekula vyakula vizuri zaidi ya kile maishani mwangu, lakini sikumbuki hata kimoja kama ninavyokikumbuka kile.

Harufu iliwavuta watu. Waingereza wa kuigiza walikuja na mabakuli yao ya bati, Wajerumani wa kuigiza wakapanga foleni nyuma yao, na mzee akawahudumia wote. Fundi alirudia mara tatu, akala kwa mkono kama tulivyomfundisha.

Jumapili mchana mvua ikaja, mvua ya Houston isiyobisha hodi. Watazamaji walikimbilia magari yao. Uwanja ukageuka tope. Tulikuwa tumejibanza chini ya turubai tukijutia sare zetu, mzee yumo katikati, magoti yamelowa, na uso wake ulikuwa umenawiri.

"Sasa!" akasema. "Sasa ndiyo inafanana. Sajenti, watoe."

Nikawatoa. Tulipiga kwata katika mvua ile, hakuna watazamaji isipokuwa mzee na binti yake na yule fundi, tukiteleza, tukianguka, mimi nikitoa amri huku nacheka hadi sauti ikanikauka. Dereva aliacha kiatu kimoja kwenye matope, akaendelea bila hicho.

Mzee alikaa Marekani miezi mitatu zaidi, na kila tulipofanya maonyesho upande wa Houston binti yake alimleta, naye akakagua moto kabla ya kukagua watu. Baada ya yeye kurudi Machakos tuliendelea na jiko. Tukajulikana kwalo. Vikundi vingine vilituandikia vikiuliza kwanza tutapika nini, ndipo vikauliza tutaleta askari wangapi, na watu walipokuwa wakingoja sahani zao, mhasibu, ambaye sasa alikuwa mpishi mkuu, aliwaeleza habari za askari wa Afrika Mashariki kwa Kiingereza chake cha Lubumbashi, taratibu, akiwa hatoi moshi hata kidogo.

Kombania ilivunjika yenyewe, bila ugomvi. Watu walipata kazi majimbo mengine, wengine wakarudi nyumbani. Dereva ndiye aliyeondoka mwisho. Siku aliyokuja kuaga alileta sare yake, imefuliwa na kupigwa pasi, nikamwambia akae nayo. Akaikunja tena vizuri, akasema ataipeleka Mombasa, amwonyeshe babu yake, na kwamba anajua kabisa atatukanwa. Wiki mbili baadaye akanipigia simu kutoka huko. Babu alikuwa amemtukana asubuhi nzima, akaniambia, halafu baada ya chakula cha mchana akaomba aijaribu ile kofia.