Picha ya Omanga Kando ya Sinki

Ninachoandika hapa hamtakiamini, na sitawabembeleza. Watu wa Homa Bay wanaamini chochote wanachoambiwa na mtu aliyevaa koti, lakini ukiwaeleza jambo waliloliona kwa macho yao wenyewe wanakuuliza, "Una uhakika?" Mimi nina uhakika. Nilikuwa pale, nimeketi, na sahani ya mtu mwingine iko mbele yangu.

Habari yenyewe ni ya Risper, mtoto wa dada yangu Milka wa Sori. Mimi ni nera wake, yaani kaka ya mama yake, na huku kwetu nera ana ruhusa ya kumtania mtoto wa dada yake mpaka mmoja wao azikwe. Kwa hiyo nikimdharau humu ndani msinitumie wazee.

Risper alikulia kati ya omena, dagaa wa ziwa letu. Mama yake anawanunua ziwani asubuhi, anawaanika juu ya neti, anawageuza, anafukuza kuku, anajaza gunia. Kazi ni hiyo, haina siri. Mtoto mwingine angejifunza kugeuza. Huyu wetu alikuwa anawapanga omena kwenye neti mpaka wanakuwa uso wa mtu, halafu kuku akila jicho anaangua kilio. Milka akanipigia simu: "Njoo uone mtoto ameharibika." Nikaenda nikaona. Ulikuwa uso wa mwenyekiti wa wavuvi, na ulifanana naye vibaya sana, hata kwa harufu.

Alipokomaa akahamia Migori mjini, akapanga chumba nyuma ya stendi, akaanza kuchora mabango. Kinyozi, kanisa, bucha, duka la dawa za ng'ombe. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, nikatoka na rangi mgongoni. Ng'ombe wake wa bucha anatabasamu.

"Okewa," nikamuuliza, maana ndivyo tunavyomwita mtoto wa dada, "huyu anafurahia nini na anaenda kuchinjwa?"

"Nera, bado hajaambiwa."

Ndiyo majibu yake hayo. Na mtu asidhani mimi ni mgeni wa rangi. Ni mimi niliyeandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa soko la Uriri, herufi za kusimama, na mpaka leo watu wanaisoma yote kabla ya kukojoa.

Sasa, tangu mume wa Milka azikwe, mgongo wa Milka umekataa kuinama. Omena hawajigeuzi wenyewe. Akamwambia binti yake mbele yangu, bila kupandisha sauti, na Milka asipopandisha sauti ujue amemaliza: "Hiyo rangi yako sijaona mtu anayeihitaji. Kinyozi anahitaji wembe. Nionyeshe mtu mwenye shida ya kweli, aliyekosa usingizi kwa sababu anataka rangi yako, nitakuacha. Usiponionyesha, hayo maonyesho yenu yakiisha nakuja kukuchukua, tunarudi Sori."

Risper akasema sawa. Angesema nini? Nikamwangalia mikono, anajikwangua rangi ya bluu kwenye kucha, nikajua anaogopa.

Hayo maonyesho yalikuwa ya Madam Marcella. Marcella ana hoteli ya samaki hapa Homa Bay, upande wa ziwani, samaki wake ni wazuri na sitasema zaidi kwa sababu bado ananidai heshima. Mwaka juzi alikwenda harusi Kisumu, akaingia hoteli fulani akakuta picha zimetundikwa ukutani na kila moja ina kikaratasi cha bei. Akarudi mgonjwa. Wateja wake siku zote walikuwa wanakula vizuri wakitazama ukuta mtupu, tena wanauona unatosha. Sasa ukuta mtupu ukawa aibu kuliko kukosa chumvi. Akatangaza: wasanii wote wa Migori na Homa Bay walete kazi, zitakaa ukutani wiki mbili, watu waje wale na waone.

Wakaja. Bwana, wakaja! Sijui hao watu hulala wapi siku nyingine. Mkubwa wao alikuwa Bravin wa Rongo, kijana aliyevaa kofia ya sufu katika joto la Homa Bay, jasho linamtiririka mpaka shingoni lakini kofia haivui, kwa sababu akivua ataonekana mtu wa kawaida. Alileta ubao mkubwa kama mlango wa ghala, umegandishwa vizibo vya soda kutoka juu hadi chini.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Mzee, inaitwa Maumivu ya Ziwa."

"Ziwa linakunywa soda?"

"Wewe huelewi sanaa ya kisasa."

"Kweli, shule niliacha darasa la saba. Lakini kizibo nakijua."

Marcella akampa Bravin ukuta mkuu, ule unaotazamana na mlango. Risper, mchora ng'ombe wa bucha, akasukumwa kando ya sinki la kunawia mikono, pale sabuni inaporuka na kila mtu anapangusa vidole kwenye ukuta. Alikuwa na picha moja tu, rangi ya mafuta juu ya plaiwudi, kimo cha mtu kuanzia kiunoni. Nikaigeuza nione. Nikakuta Omanga.

Omanga ndiye mwenye hema na viti vya matanga. Kutoka hapa mpaka Sori, ukifa, Omanga anajua kabla ya shemeji zako. Yeye nguo yake ni fulana, tena zile fulana za mazishi zenye sura ya marehemu kifuani. Anapewa kila anakopeleka viti, basi leo amembeba mwalimu, kesho amembeba mama wa kanisa. Lakini Risper alikuwa amemchora ndani ya suti nyeusi, shati jeupe na tai.

"Omanga na tai wapi na wapi?"

"Nilitaka apumzike na hizo fulana, nera."

Marcella alipoiona akasema inapendeza ila pale chini pamebaki patupu. Akaleta kimeza, akatandika kitambaa cheupe, akaweka maua kwenye chupa, na mshumaa, eti Kisumu aliona mshumaa. Akauwasha.

Wewe uliye mbali utauliza tatizo liko wapi. Huku kwetu picha kubwa ya mtu peke yake, amevalishwa tai ambayo hakuwahi kuifunga maishani, chini kitambaa cheupe, maua, mshumaa unawaka, hiyo haiitwi sanaa. Hiyo ni taarifa. Mimi niliona mara moja. Nikavuta kiti karibu. Mtu akiniuliza kwa nini sikumwonya, ni kwa sababu nilitaka kuona.

Jumamosi mchana wakafungua. Watu waliingia wakapita Maumivu ya Ziwa bila hata kupunguza mwendo, wakaenda kunawa. Wa kwanza alikuwa Linet, muuza samaki wa mbuta wa hapo karibu, mama mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya ghuba. Akafungua maji. Akainua macho. Sabuni ikamtoka mkononi.

"Uwi! Yaye Omanga! Omanga umetuacha! Juzi tu ulinisalimia!"

Hoteli yote ikasimama. Wa pili akaja kutazama akashika kichwa. Wa tatu hakutazama hata picha, alimwona Linet tu akaanza kulia, kwa sababu kwetu kilio hakingoji maelezo. Simu zikatolewa. Baada ya muda mfupi mlango haukutosha. Wanaume walikuwa wanasema kwa sauti nzito kwamba walijua, alikuwa anakohoa. Omanga hajawahi kukohoa. Mmoja aliapa kwamba marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu, mtu ambaye nimemwona akimkimbia Omanga sokoni. Hao ndio watu wetu. Ukiwa hai hawakusalimii, ukifa wanakuwa ndugu.

Bravin alipanda juu ya kiti. "Jameni! Hakuna aliyekufa! Hii ni sanaa!"

"Nyamaza wewe wa vizibo!" Linet akamfokea. "Wewe huna mtu wako aliyewahi kufa?"

Wakaniona nimekaa karibu na picha. Mama mmoja akaniuliza kama mimi ni wa familia. Nikamwambia ukoo wetu ni mpana. Akasema basi usikae na njaa, akanisogezea sahani yake, samaki ngege mzima ambaye hajaguswa. Kukataa katika huzuni ni kukosa adabu.

Marcella ndiye aliyetoka jikoni na mwiko, macho mekundu, na si ya kulia. Hoteli ya samaki ikishapata jina la matanga, nani atakuja tena na mchumba wake?

"Risper! Toa hiyo maiti kwa ukuta wangu!"

"Si maiti, madam. Ni Omanga tu. Yuko hai."

"Toa! Na ukiitoa utoke nayo, usirudi hapa, na nitahakikisha hakuna hoteli itakupa hata ukuta wa choo!"

Risper akashika fremu. Alijua, na mimi nilijua, kwamba akipita mlango ule na plaiwudi yake kwapani, njia ni moja, inaenda kwenye neti za omena. Hapo niliacha kutafuna. Halafu nikaendelea.

"Unampeleka wapi?" Linet akamzuia, akaikumbatia picha mpaka shavu lake likashika rangi. "Hatujamlilia hata nusu!"

Wakawa wanavutana, Marcella upande huu, Linet upande ule, Risper katikati anasema "Rangi haijakauka vizuri, mama, tafadhali," na hapo ndipo pikapu ikapiga honi nje.

Alikuwa Omanga. Amepigiwa simu na mtu asiyemjua kwamba kuna msiba mkubwa kwa Marcella, naye mtu wa kazi hamngoji mwenzake amtangulie. Amepakia hema mbili na viti mpaka juu. Akaingia na fulana ya marehemu wa wiki iliyopita, akavua kofia, akainamisha kichwa vile anavyojua.

"Poleni sana, ndugu zangu. Marehemu ni nani?"

Ulisikia maji ya sinki tu, Linet hakuwa ameyafunga.

"Ni wewe," Linet akasema kwa sauti ndogo.

Msiniulize waliopita mlangoni na waliopita dirishani. Yule rafiki wa karibu aliruka kaunta. Bravin alianguka na kiti chake juu ya Maumivu ya Ziwa, vizibo vikatawanyika, na huo ndio wakati pekee kazi yake ilipomgusa mtu. Walipoona Omanga ana jasho, na maiti haitoi jasho, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanajifanya walitoka kupokea simu.

Omanga hakuwaona. Alikuwa amefika mbele ya picha, kofia bado iko mkononi, anajitazama.

"Nani amenifanya hivi?"

Risper akainua mkono kama mtoto wa shule. Marcella akasema haraka, "Tunaitoa, mzee, tunaichoma kabisa."

"Uchome nini?" Omanga akamgeukia. "Mama, mimi nimeweka picha za wafu kwenye hema miaka yote hii. Zote zimevutwa kutoka kitambulisho. Mtu hana macho, masikio yamekuwa ukungu, utadhani ameshikwa na polisi. Mtoto wa marehemu anatazama ile picha ananiuliza mimi, huyu ni nani? Mimi huwa najibu nini?" Akaitazama tena. "Hapa nimejijua kutoka mlangoni. Wewe msichana, ulinipata wapi?"

"Matanga ya baba, kule Sori. Pikapu ilikuwa imeshapakiwa lakini ukakaa na sisi."

Omanga akakohoa. Basi wale wanaume wakatazamana, wakaridhika.

Aliichukua. Hakuipeleka nyumbani, kwa sababu mke wake alimwambia kwenye simu, na sote tulisikia, kwamba picha iliyoliliwa haiingii bomani kwake mwenye picha akiwa bado anakula. Aliitundika kwenye stoo yake ya hema, pale wafiwa wanapokuja kuagiza viti. Wanaketi, wanaiona, wanamtazama Omanga, wanaitazama tena. Halafu wanauliza aliyeichora yuko wapi.

Basi mtoto wa dada yangu, aliyeanza na omena na akapitia ng'ombe, sasa amefika kwa maiti. Nilimwambia huko ni kupanda cheo. Maumivu ya Ziwa bado iko kwa Marcella, imepata moshi wa kukaangia, na mahali vizibo vilipodondoka Marcella ametundika kalenda. Bravin anapita kila mwezi kuuliza kama kuna mtu ameizungumzia. Wanaoizungumzia ni inzi tu.

Maonyesho yalipoisha Milka alikuja Migori kama alivyosema, nami nikamsindikiza, kwa sababu jambo la familia lisipokuwa na mwanamume mwenye busara linaharibika. Tukafika nyuma ya stendi. Dada yangu akasimama ghafla. Laini ya watu, nawaambia, ilikuwa imeanzia mlangoni kwa Risper, imezunguka stendi, imeteremka hadi darajani, wafiwa watupu, wenye nguo nyeusi, wachimbaji kutoka Masara wamefumbata dhahabu viganjani, pasta wawili, na mheshimiwa mmoja nisiyeweza kumtaja ameshika picha ya nyanya yake analia kama mtoto, na wote waliponiona wakanipisha, wakasema huyu ndiye nera wake, mwacheni apite, ndiye aliyemfundisha kushika bra—

"Nera." Risper amesimama nyuma yangu, anasoma ninachoandika. "Alikuwa mjane mmoja tu mlangoni. Na mama ndiye aliyempisha aingie."