Amplifaya ya Kumtetea Mama

Mama yangu na shoga yake hawajazungumza tangu arusi moja ya Chumbageni, enzi hizo mimi sijaoa bado, na chanzo ni pigo moja la ngoma. Walikuwa kundi moja la kina mama waliokuwa wakialikwa maarusini. Mama alipiga ngoma kubwa, shoga yake akaongoza kuimba. Katika ubeti wa tatu wimbo ulivurugika mbele ya wakwe, watu wakacheka, na mpaka leo kila mmoja anasema aliyechelewa ni mwenzake. Kaseti ya siku ile anayo mama. Tatizo, redio yetu inatoa waimbaji na matari tu, ngoma kubwa haimo kabisa. Ushahidi upo, ila hausikiki.

Mwaka huu mama alianza kuuliza mambo mara mbili mbili. Tulimpeleka kwa daktari, akatwambia masikio yanachoka na yataendelea kuchoka. Tuliporudi nyumbani aliniita chumbani kwake.

"Nataka niisikie ngoma yangu kabla masikio hayajaniaga," alisema. "Na yule mwimbaji wetu wa Usagara aje asikie nani alichelewa."

Nilikubali haraka, kwa kuwa spika ninazo. Mjomba aliporudi kuishi Maskati alituachia mbili, kila moja kama kabati la vyombo, na mke wangu ameweka maua ya plastiki juu yake. Sikujua kwamba spika nazo zina ulafi. Hizi ni za aina ya zamani, zinataka kulishwa umeme mwingi ndipo zifungue kinywa, na ukizipa kidogo zinanong'ona tu.

Nilianza kwa fundi mmoja mzee wa pale pale Chumbageni. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza spika zangu, nikamuuliza wati ngapi zitanitosha. Hakunijibu wati. Alinionesha mizani ya muuza mkaa iliyokuwa mlangoni pake, akasema amplifaya ninayotaka isipungue uzito wa kilo kumi na tano.

"Kuna donge la chuma ndani, ndilo linalolisha spika," alisema. "Wati huandika mwenye boksi. Chuma hakiandikwi."

Nilimwona mzee aliyepitwa na wakati. Nilicheka, tena sikungoja nifike mbali. Amplifaya inapimwa kama mkaa?

Basi nikaenda kununua kwa kusoma boksi. Mfanyabiashara mmoja anayeleta mizigo kupitia mpaka wa Horohoro alinitolea amplifaya mpya, wati elfu mbili, taa za buluu zinazocheza, na bei ya mtu wa mshahara kama wangu. Niliibeba mpaka nyumbani kwa mkono mmoja, mfuko mmoja na mkate, na hata hapo akili haikunijia. Niliifunga, nikaweka kaseti, mama akakaa kitako mbele ya spika. Waimbaji walitoka vizuri. Nilipoongeza sauti ili ngoma iingie, taa zikazimika. Zikawaka. Zikazimika.

"Mbona inapiga chafya?" mama aliuliza.

Nilijaribu siku tatu. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha soketi, nikamlaumu mke wangu kwa friji. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili langu hata kuvuma lilishindwa. Nilipomrudia yule mfanyabiashara alinambia spika zangu ndizo mbovu, akanishauri ninunue ndogo. Nilitoka pale bila kuaga.

Barazani kwenye kahawa kila mtu ni mhandisi. Mmoja alinihakikishia dawa ni amplifaya ya maarusini, na kweli nilimpata mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha anayeuza yake ya zamani, nikainunua. Ile ilikuwa na nguvu, sikatai. Ilikuwa pia na feni mbili za kuipoza, na katika sebule yetu zilivuma mpaka maneno ya wimbo yakapotea.

"Mnasaga mahindi humo?" mama alisema, akanyanyuka kwenda kuswali alasiri. Mlangoni aligeuka. "Mwanangu, kama huwezi, sema. Mimi masikio yangu hayangoji."

Maneno yale yaliniuma kuliko hasara yote. Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee na uso umenishuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimevunja yote mawili. Hakunisimanga. Aliingia ndani akatoka na amplifaya kuukuu, mfuniko una kutu, kitufe cha sauti hakipo, unazungusha kwa koleo. Aliiweka kwenye mizani. Kilo kumi na nane. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya taa za buluu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Niliipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani, mapaja yakafa ganzi.

Nilizungusha koleo taratibu. Ngoma iliingia, nayo haikuja masikioni kwanza, ilikuja sakafuni. Maua ya plastiki yalitikisika. Mama, ambaye vidole vyake vimevimba viungo na hashiki tena hata kijiti, alianza kupiga goti lake kwa kiganja. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Mimi nilimwangalia kwa kiburi kama mwanasheria aliyeshinda kesi.

Ubeti wa tatu, kiganja chake kilisimama hewani.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha. Shoga yake aliingia pale pale alipotakiwa kuingia. Ngoma ndiyo iliyochelewa. Hata mimi nisiyejua ngoma nilisikia. Alitaka nirudishe mara nne, na mara ya nne hakutazama spika, alitazama mikono yake. Nilitamani ile ya buluu ingali inapiga chafya.

"Nilimwambia maneno mabaya sana," alisema. "Mbele za watu." Kisha akaniagiza nimletee buibui lake.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Usagara. Naye aisikie kwa masikio yake, asije akadhani nimemwonea huruma." Alinyoosha kidole kwenye amplifaya, kisha kwenye kabati moja la spika na la pili. "Hivyo vyote utabeba wewe."