Omena wa Mama Mkwe

Nichekeni tu, nimestahili. Nasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula mtandaoni, hapa hapa Busia. Juzi nilijifungia chumbani nikawaeleza mwalimu na wanafunzi wenzangu jinsi mama mkwe wangu anavyoanika omena, wale dagaa wa ziwani, chini, kuku wakiwakanyaga. Nilipomaliza sikusikia mtu akijibu. Nikadhani mtandao umepotea, nikatoka nje na simu.

Kumbe simu ilikuwa imejiunga kwa bluetooth na spika kubwa ya duka la mume wangu lililo mbele ya nyumba, majibu yote yakitokea huko, na mama mkwe huuza omena wake pale pale barazani. Wateja wote walikuwa wameikodolea macho spika. Sauti ya mwalimu ikanguruma: "Kinyesi cha kuku kwenye omena wa mama mkwe wako, umekipima?"

Mama mkwe akanigeukia. "Mwalimu anakuuliza, mwanangu. Mjibu."