Waangalieni Mikono

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekaa mkekani, mguu wa bi harusi umelala juu ya paja langu, namchora maua ya piko, ile rangi nyeusi, kwenye kifundo. Kando yangu Saada alikuwa akikanda hina kwa ndimu na maji ya karafuu, huku akiwatania mashangazi wa bi harusi kwamba kwa magaga ya nyayo waliyo nayo itabidi tuwapake rangi ya mashua. Mashangazi walicheka mpaka mmoja wao akaomba aachwe apumue. Tulikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, pwani ya Msumbiji. Binti yake alikuwa anaolewa kesho yake.

Mtu atauliza mwanamke wa Ngamiani, Tanga, alifuata nini huko kote. Nilifuata safari. Tangu mdogo mama alikuwa akiniita Kiguu na Njia, na hakukosea. Basi lililopita mbele ya nyumba yetu nililitazama mpaka vumbi likatulia, nikitamani kujua abiria watashukia wapi na huko wanakula nini. Mume niliyempata alitaka mke wa kukaa. Tuliachana kwa heshima, naye akaoa mkaaji. Mimi nikajifunza kupamba maharusi, maana niligundua kwamba pwani nzima, kuanzia Lamu hadi huko Msumbiji, hakuna mlango unaofungiwa mwanamke aliyebeba mkoba wa hina.

Saada nilimkuta Horohoro, mpakani. Alikuwa Mpemba, muuza kanga, na siku hiyo maofisa walikuwa wamelifungua furushi lake na kuzitandaza kanga zote chini. Walipomaliza kupekua wakamwambia azoe vitu vyake aende. Saada akakaa juu ya benchi, akakunja mikono.

"Mmefungua nyie, kunjeni nyie," akasema.

Foleni nzima ilisimama. Nilimwonea huruma yule ofisa kijana, nikaenda kumsaidia kukunja. Saada akanitazama kama msaliti, kisha akacheka, akanisogezea nafasi kwenye benchi. Tulipanda basi moja hadi Mombasa, na tangu hapo hatukuachana. Malindi, Kilwa, Mikindani, mimi napaka mikono na yeye anawauzia waalikwa kanga. Kwenye nyumba za wageni tulilala kitanda kimoja tukipiga soga mpaka usingizi umchukue mmoja katikati ya neno. Nimekuwa na ndugu wa damu na nimekuwa na mume. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa na yule Mpemba.

Adhuhuri ya siku ile sinia la pilau lilitolewa nje kwa wanaume. Miongoni mwao alikuwemo Bakari, dereva wa pikapu aliyeleta viti na masufuria kutoka Mtwara. Kwao ni Kigombe, kwa hiyo tulimfurahia, maana ugenini mtu wa kwenu ni nusu ya nyumbani. Saada mwenyewe ndiye aliyemchagulia minofu akampelekea kwa mkono wake. Nataka hilo lijulikane.

Alasiri nilikuwa nimewamaliza wanawake wote. Mpambaji hupambwa mwisho, na mimi nilikuwa na mikono mitupu kabisa, kwa sababu huvaa glavu nikiwa kazini. Dawa ya piko huunguza ngozi. Saada alitazama mikono yangu akasema, "Kesho asubuhi zamu yako, shoga'angu. Leo kiuno kimeniuma." Yeye yake ilikuwa imechorwa mpaka kwenye viwiko, kazi yangu nzuri kuliko zote nilizopata kufanya.

Mlio wa kwanza ulitokea upande wa kisimani. Mashangazi walidhani ni fataki za upande wa bwana harusi waliofika mapema, na kama ilivyo desturi wakaupokea kwa vigelegele. Mlio wa pili nao wakaupigia vigelegele. Mpaka leo nikisikia kigelegele harusini mgongo hunisisimka, maana nakumbuka jinsi kile cha tatu kilivyokatika katikati.

Tulikimbia.

Walikuwa waasi wa msituni, wamemfuata mwenyekiti. Walimtuhumu kuwaonyesha askari wa serikali maficho yao, na walisema wazi, kwa Kiswahili kilichonyooka kama changu, kwamba kila aliyekula harusini kwake ni mtu wake. Hilo tuliambiwa na wenzetu waliotufuata kwenye mashamba ya mikorosho, tulikojificha hadi kukacha. Nyuma yetu moshi ulikuwa ukipanda. Bi harusi sikumwona tena.

Asubuhi tulisikia gari. Lilikuwa la Bakari. Tulimsimamisha kwa furaha, naye akatupakia nyuma ya pikapu, Saada na mimi na wanawake wengine wachache, tukashika njia ya kurudi mtoni. Tulikubaliana maneno ya kusema tukisimamishwa, kwamba sisi ni wachuuzi, tumetoka mnadani, harusi hatuijui. Wote tulikuwa na mabuibui. Mikono ikaingizwa ndani.

Walitusimamisha kwenye kona, penye mti ulioangushwa barabarani.

Walikuwa vijana. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya upole. Akatushusha wote, akamweka Bakari mbele yetu kando ya mlango wa gari.

"Nani katoka harusini kwa mwenyekiti?"

"Sisi wachuuzi, mwanangu," Saada akajibu. "Tumetoka mnadani."

Kijana akanyamaza. Akatutazama mmoja mmoja. Sikuweza kujua kama ameamini.

Ndipo nilipoisikia sauti ya Kigombe, ya dereva wetu.

"Waangalieni mikono."

Basi walituangalia mikono.

Hina yangu mwenyewe, maua yangu, iliyokolea vizuri kwa sababu ya karafuu. Waliotoka nayo waliwekwa upande wa kulia. Zamu yangu ilipofika nilitoa vidole vyangu visivyo na kitu. Kijana akaviangalia juu na chini, akamgeukia Saada.

"Na huyu, mmeongozana naye?"

Saada alinitazama. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Simjui," akasema. "Tumemkuta garini."

Nilirudishwa kwenye gari. Wao wakapelekwa nyuma ya vichaka. Bakari akawasha, akaondoka. Tulikuwa tumeshafika mbali nilipoisikia milio, na Bakari akaongeza mwendo.

Sikumwambia neno njia nzima. Si kwamba sikuwa nalo. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo nitamng'ata shingo.

Nilikwenda Pemba kuwaambia wenyewe. Mama yake Saada aliniuliza kaburi liko wapi, nikamwambia halipo. Akauliza mara ya pili, kana kwamba nilikuwa sijamsikia vizuri. Tulimsomea hitima bila mwili, na watu walikula wakaondoka.

Miaka imepita. Watu wema wameniambia nisamehe ili nipate usingizi. Usingizi ninao, tena mzuri. Ninachokosa ni Saada, na anayemiliki pumzi anazovuta Bakari ni nani kama si Saada mwenyewe? Nasema hivi bila haya. Namchukia mtu yule asubuhi, namchukia mchana, na nikiswali inabidi niombe radhi kwanza.

Sikuwa namtafuta. Alinitokea mwenyewe sokoni Tanga, kwenye samaki. Alikuwa amenenepa, anateremsha matenga ya pweza kutoka Kigombe, na aliponiona akafuta mkono kwenye suruali ili anishike.

"Dada Mwanahawa! Za masiku?"

Nilimjibu njema. Mungu anisamehe, nilimjibu njema, nikampa mkono. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa maalimu mmoja hapo Ngamiani kumtaka amsomee albadiri.

Kwetu kila mtu anaijua albadiri na hakuna anayependa kuitaja. Ni kisomo cha aliyedhulumiwa, kumwomba Mungu amshukie dhalimu. Wapo wasioitaka kabisa, na sibishani nao. Maalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akachezea tasbihi yake.

"Bi Mwanahawa, kisomo hiki kina makali mbele na nyuma," akasema. "Ukimsingizia mtu, kinakurudia wewe. Je, yule bwana alisema kwa hiari yake? Hakuwa na bunduki ubavuni?"

Nilikuwa nyuma yake siku ile. Niliona mgongo tu.

"Kaulize kwanza. Na uniletee jina la mama yake. Hakisomwi bila jina la mama."

Nilikwenda Kigombe asubuhi. Nyumba yake ina bati jipya na mti wa mkungu mbele. Mkewe, mwanamke mpole aliyeniamkia shikamoo kwa kupiga goti, alinitilia chai ya tangawizi na chapati, akatuacha barazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kusema kweli niliutamani uongo wake, nimchukie zaidi.

"Bakari, siku ile kwenye kona. Walikushikia bunduki?"

Hakujifanya hajui siku gani.

"Hapana. Ilikuwa imeelekezwa kwenu."

"Walikuuliza kitu?"

"Hawakuniuliza." Akasogeza kikombe chake. "Niliona kijana ananyamaza sana. Nikajua watatumaliza sote. Nikasema moyoni wapate wachache, waridhike. Na mimi mwanamume, dada. Nilijua mikono yangu haina kitu."

"Alikupa minofu."

"Nakumbuka."

"Kwa mkono ule ule."

"Dada, nakumbuka."

Nilikuwa nikifikiria jinsi ya kulipata jina la mama yake kwa ujanja, labda kwa kumsifia mkewe, labda kwa kuuliza ukoo. Yeye akanitangulia. Alizaliwa pwani kama mimi; anajua mtu anayekuja na maswali ya namna ile anatoka kwa nani na anarudi kwa nani.

"Mama anaitwa Mwanaisha binti Shekue," akasema. "Andika kama utasahau."

Sikuandika. Sikuimaliza chai. Nilirudi Tanga nikiwa na hasira mpya, kwa sababu mtu mwovu angeifanya kazi yangu iwe nyepesi, na huyu hakutaka kuwa mwovu. Alitaka kuwa mwoga tu, mwenye mke na bati jipya. Nilijiuliza njia nzima kama hilo linapunguza kitu. Nilipofika Ngamiani nilikuwa nimepata jibu. Saada naye alikuwa mwoga. Mikono ilikuwa ikimtetemeka ndani ya buibui, nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, niliisikia. Hata hivyo alipoulizwa alisema hanijui.

Kisomo kilisomwa. Maalimu na wenzake walikaa, ubani ukafukizwa, na ulipofika wakati wa kutaja jina waliniachia mimi. Nikalitaja la kwake na la mama yake, kwa sauti ya kusikika, na nafsi yangu haikusita.

Bakari ni mzima. Juzi tu nimemwona sokoni na pweza wake. Maalimu anasema jambo hili lina wakati wake, na mimi sina haraka, ila nimegundua kitu ambacho sikukitegemea. Sitoki tena. Mwezi uliopita walinipigia kutoka Malindi, harusi kubwa, wananitaka mimi na si mwingine. Nilikuwa nimeshateremsha mkoba kutoka juu ya kabati nikakumbuka kwamba huenda ikawa wiki hiyo. Huenda nikawa Malindi namchora mtoto wa watu maua, na Bakari akaanguka Kigombe bila mimi kuona.

Niliwaambia naumwa. Si kweli, mimi ni mzima kama yeye. Tumebaki tunaishi hivyo, wazima wote wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake sokoni. Nami niliyeitwa Kiguu na Njia nimekuwa mkaaji.