Mzee Niliyempigia Kengele

Siku ile ya masika, mwanangu, huwa inanirudia kila nikisikia mto ukivuma. Nilikuwa kijana, nimempakia mama yako kwenye baiskeli, nawe tumboni una miezi saba. Tulikuwa tunawahi mtumbwi wa kuvuka ziwa kule Lyulilo, kwa kuwa bibi yako alikuwa mgonjwa sana ng'ambo.

Kwetu, watu wakikutana njiani husimama wakasalimiana polepole, na humo ndimo habari za njia hutolewa. Mimi siku hiyo salamu niliziona zinanichelewesha tu. Karibu na mto, mzee mmoja mchunga ng'ombe aliniinulia mkono. Nikampigia kengele, nikapita. Ujana una kiburi, bwana!

"Umempita mzee hivihivi?" mama yako akauliza.

"Tutamsalimia tukirudi."

Kwenye kivuko cha mto jua liliwaka. Lakini maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yamebeba majani mabichi ya migomba, na milima ya Livingstone ilikuwa imefunikwa na wingu zito. Vyote vilikuwa mbele yangu, nami sikuona hata kimoja. Nikaweka baiskeli begani, nikamshika mama yako mkono, tukaingia.

Katikati, maji ya magotini yakawa ya kiunoni, mara kifuani. Baiskeli ikaenda na maji. Vidole vya mama yako vikaanza kuniponyoka, na niliogopa, mwanangu, sijawahi kuogopa vile tena.

"Shikeni!" Fimbo ndefu ikatufikia. Alikuwa yule mzee, naye yumo majini.

Ukingoni nilisubiri matusi. Hakunigombeza. Alisimama mbele yangu nguo zikichuruzika, akanisalimu, "Ugonile." Kisha akangoja niitikie.

"Ndaga, baba," nikaitikia huku nalia.

Ndipo akaniambia, "Mvua inanyesha milimani tangu alfajiri. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia kule nyuma."

Aibu ile haijaniisha mpaka leo.

Sasa umenunua pikipiki, na masikio umeyaziba kwa muziki. Punguza mwendo. Tazama rangi ya maji kabla hujaingia, tazama milima hata kama ulipo kuna jua. Akikuinulia mkono mtu, simama, zima injini, umwitikie hadi amalize, hata kama umechelewa. Sisi mtumbwi ulituacha, tukapanda mwingine, na bibi yako bado tulimkuta hai.

Mungu akutangulie uendako, akurudishe mzima mlangoni kwangu. Nenda, Asajile. Jina hilo ni la yule mzee.